Uzoefu wangu na birika la kukandamizia kahawa: kazi kubwa ni kusubiri

Birika ninalolizungumzia ni lile la kioo lenye ufito wa chuma katikati na wavu mwembamba chini yake, ambalo wengi hulijua kwa jina la frenchi presi. Langu ni la lita 1, na nimelitumia vya kutosha kuzijua tabia zake. Niseme mapema kwamba nalipenda: kahawa yake ni nzito na ladha yake inakaa mdomoni, kuliko ya mashine yoyote ya umeme niliyowahi kuwa nayo. Ila ukilipa unga uliosagwa ovyo, litakuaibisha mbele ya wageni.

Kwenye boksi limeandikwa vikombe 8. Usiamini. Watengenezaji wa vyombo hivi huhesabu kikombe kimoja kuwa mililita 120 hivi, na kikombe changu cha asubuhi kinachukua zaidi ya mara mbili ya hapo. Kwa hesabu ya kweli, lita 1 ni vikombe 3 vya watu wanaopenda kahawa, au 4 vya watu wenye adabu.

Tuanze na kusaga, maana birika lenyewe ni chombo rahisi. Kinachostahili kugharimiwa ni kinu. Kahawa ya birika hili husagwa chengachenga, ikaribie ukubwa wa chumvi ya mawe. Mashine ya visu hukatakata tu bila mpangilio, ikakuachia vipande vikubwa vilivyochanganyika na vumbi. Vumbi linapenya kwenye wavu na kukolea haraka mno, kikombe kinakuwa kichungu na chini kuna tope. Vile vipande vikubwa navyo vinakuwa havijatoa ladha yao, unabaki na ukali wa uchachu. Kinu cha mkono chenye meno ya kusagia kinatoa chembe zinazolingana, na tofauti yake utaionja siku ya kwanza.

Kipimo changu ni gramu 30 za kahawa kwa mililita 500 za maji. Natumia mizani ndogo ya jikoni, kwa sababu kijiko kinadanganya: kahawa iliyokaangwa sana ni nyepesi kuliko iliyokaangwa kidogo, hivyo kijiko ni kilekile lakini uzito umebadilika.

Kabla ya yote nasuuza birika kwa maji ya moto ili kioo kisimeze joto. Maji yakishachemka nayaacha kidogo yashuke hadi nyuzi 95 hivi, namimina, nakoroga, naacha dakika 4. Juu panatanda utando mnene wa kahawa. Nauvunja kwa kijiko, chembe nyingi zinazama, na povu linalobaki nalikomba na kulitupa. Halafu nasubiri dakika 5 nyingine bila kugusa kitu. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, hasa wakiwa bado hawajanywa kahawa.

Na kukandamiza kwenyewe? Karibu sikandamizi. Kahawa imeshatoa ladha yake kwa kulowekwa, na mashapo yametulia chini. Ukisukuma wavu mpaka mwisho unayatibua yote. Nashusha wavu uguse uso wa kahawa tu, uwe chujio wakati wa kumimina, tena namimina polepole. Mtu anayeniona kwa mara ya kwanza huuliza kama birika limeharibika.

Utaniambia dakika 9 zitaleta uchungu. Kwa kahawa ya chengachenga hazileti, kwa sababu kadiri maji yanavyokolea na kupoa ndivyo uwezo wake wa kuchukua kingine unavyopungua. Ila isilale humo. Ikikaa juu ya machicha saa nzima inageuka dawa, kwa hiyo inayobaki ihamishie kwenye chupa ya chai.

Sasa lawama. Kioo cha langu ni chembamba, na kila ninapoliosha moyo uko juu. Skrubu inayoshika wavu kwenye ufito hulegea yenyewe, usipoikaza wavu unakaa upande na chembe zinapita pembeni. Kuosha ndiko kunakonichosha kabisa. Machicha usiyamwage kwenye sinki, yataziba bomba; tia maji kidogo, tikisa, mimina kwenye chujio la chai, kisha yatupe. Wavu nao lazima ufunguliwe vipande vyake vyote na kuoshwa kwa sabuni, kwani mafuta ya kahawa hujificha katikati na yakichacha yanaharibu kahawa ya kesho. Kusuuza peke yake hakutoshi.

Mafuta hayohayo ndiyo yanayoipa kahawa hii uzito wake, maana wavu wa chuma unayapitisha, wakati karatasi ya kuchujia huyanasa. Humo ndimo kuna kafestoli, kemikali ya asili ya kahawa, ambayo hupandisha kolesteroli mbaya kwa mtu anayekunywa kahawa isiyochujwa kwa karatasi kila siku na kwa wingi. Aliyeambiwa na daktari apunguze kolesteroli, chombo hiki kisiwe cha kila siku. Au amimine kahawa yake kupitia karatasi, ingawa hapo atakuwa ameondoa kile kilichomfanya anunue birika.

(Kwa wanaobishana kuhusu asili yake: Wafaransa wawili, Mayer na Delforge, walipata hataza ya chombo cha namna hii mwaka 1852, lakini Waitalia Calimani na Moneta nao waliandikisha chao mwaka 1929. Kila upande una la kujivunia.)

Ningenunua tena? Ndiyo, ila si la kioo. Ningechukua la chuma cha pua lenye kuta mbili, linalotunza joto na lisilovunjika, hata kama humo huoni kahawa ikitulia. Anayekunywa peke yake asichukue la lita 1. Lile linaloitwa la vikombe 3, ambalo kwa kweli ni mililita 350, linamtosha.