Vim: kihariri bora, ila kwenye machaguo ya vitufe kinasomeka vibaya

Kwa anayeshinda kwenye terminali, Vim bado ni chombo cha kuaminika, na toleo la 9.1 halina la kulaumiwa kwa kasi wala uthabiti. Kasoro yake iko kwenye kona moja: machaguo yanayopokea jina la kitufe. `wildchar`, `wildcharm`, `cedit` na `pastetoggle` yote yanaonekana ya aina moja, kumbe kila moja lina namna yake ya kusoma unachoandika baada ya alama ya `=`.

`wildchar` (kwa kifupi `wc`) ndilo sumbufu kuliko yote. Hiki ndicho kitufe cha kukamilisha majina kwenye mstari wa amri, na kwa kawaida ni Tab. Ndani ya Vim thamani yake ni namba, lakini `:set` inakubali pia jina la kitufe. Kwa hiyo `set wc=<Tab>`, `set wc=^I` na `set wc=9` yanaleta matokeo yaleyale. Ukisahau alama za `<` na `>` ukaandika `set wc=Tab`, unapata E521, yaani Vim imetarajia namba. Ukikosea jina ndani ya alama hizo, mfano `<Tabb>`, unapata E474, yaani thamani si sahihi. Hayo mawili ni makosa ya kistaarabu, maana unaambiwa papo hapo. Mtego wenyewe ni `set wc=5`: hakuna ujumbe wowote, ila kitufe chako sasa ni Ctrl-E, kwa kuwa tarakimu husomwa kama msimbo wa herufi. `set wc=X` nayo inapita kimyakimya, na kuanzia hapo kila ukibonyeza X kubwa kwenye mstari wa amri, Vim inajaribu kukamilisha neno.

Wanaoandika mipangilio kwa `let` wajihadhari zaidi. `let &wc = "<Tab>"` haifai, kwa sababu hapo tafsiri ya majina ya vitufe haifanyiki. Andika `let &wc = 9` au `let &wc = char2nr("\<Tab>")`. Nukuu ziwe mbilimbili. Ndani ya nukuu moja `\<Tab>` haigeuzwi kuwa kitufe.

`wildcharm` inasomwa vivyo hivyo, ila inafanya kazi ndani ya ramani za vitufe (kitufe kimoja kilichopangiwa kuendesha mfululizo wa vitufe), mahali ambapo `wildchar` haitambuliki. Bila hiyo, Tab uliyoiweka kwenye ramani itaandikwa tu kama `^I`. Mistari miwili inatosha:

`set wildcharm=<C-Z>`
`nnoremap <F4> :b <C-Z>`

Bonyeza F4, orodha ya faili zilizo wazi inajitokeza, mradi `wildmenu` imewashwa. Kwa kazi hii peke yake chaguo hili linastahili sifa.

`cedit`, linalofungua dirisha la historia ya amri, ni la maandishi, si namba. Linakataa herufi yoyote inayochapika: `set cedit=x` inaleta E474. `set cedit=<C-Y>` na `set cedit=^Y` zote zinafaa, na hiyo `^` ni alama ya kawaida ya kibodi ikifuatwa na Y. Usiache nafasi baada ya `=`, la sivyo thamani inabaki tupu na kinachofuata kinasomwa kama chaguo jingine.

`pastetoggle` (`pt`), linaloweka kitufe cha kuwasha na kuzima hali ya kubandika maandishi, halina ulinzi huo. Linapokea mfululizo wa vitufe kama ramani, hivyo `set pt=<F10>` ni sawa, na `set pt=p` pia inakubaliwa. Sasa jaribu kuandika neno lenye p. Kwenye Neovim, tawi la Vim, chaguo hili limeondolewa, na sioni cha kulilia.

Mambo mengine si kosa la Vim. Kwa terminali nyingi Ctrl-I ni Tab, Ctrl-M ni Enter na Ctrl-[ ni Esc, msimbo mmoja kabisa, kwa hiyo huwezi kuzitenganisha. Ctrl-S mara nyingi inagandisha skrini kabla haijafika kwenye kihariri. Amri ya terminali `stty -ixon` inaondoa tatizo hilo.

GNU nano, kihariri kingine cha terminali, imelifanya jambo hili kwa unyoofu zaidi: `bind ^S savefile main`, yaani kitufe, kazi, menyu, na muundo ni huo huo kwa vitufe vyote. Vim ina uwezo mkubwa zaidi, lakini hapa nano inaongoza.

Kitufe kikigoma, anza na `:verbose set wc?`. Inaonyesha `wildchar=<Tab>` na faili lililoweka thamani hiyo mara ya mwisho, wakati `:echo &wc` inatoa 9 tu. Kisha pima bila mipangilio yako kwa `vim --clean`. Usitumie `vim -u NONE` kwa kipimo hiki: hiyo inaanza katika hali ya Vi, mtangulizi wa Vim, ambamo `wildchar` ni Ctrl-E na `cedit` ni tupu, na utatafuta kosa lisilokuwepo.