Kitabu cha bure kimenivuta ninunue, huduma kwa wateja wakanifukuza

Nyota mbili, na hizo mbili ni za mwandishi, sio za apu.

Hii apu sehemu ya kwanza ya riwaya wanakupa bure, ya pili unalipia. Hilo sina shida nalo kabisa, hadithi za magazetini ndo zimetulea hivyo, inakatwa patamu, "itaendelea", wiki ijayo unanunua gazeti tena. Kabla ya hapo mi nilikuwa mtu wa PDF za magrupu ya WhatsApp, au naingia Project Gutenberg, hao tangu 1971 wanagawa bure vitabu vilivyoisha hakimiliki, ila vingi Kiingereza na vya enzi za mababu. Mwandishi wa hapahapa nisiyemjua nikamtolee elfu kumi na tano dukani Samora hivihivi? Thubutu.

Ila huyu nilimsoma bure, nimeshika bomba ndani ya mwendokasi ya Kimara, kwenye hadithi mume anachimba sakafu ya stoo usiku, mke yuko macho anamsikilizia, tap, lipia uendelee. Nikalipa hapohapo. Mesej ya muamala ikaingia, hela imekatwa, kitabu bado kina kufuli. Nazima simu, nawasha, bando linaliwa tu.

Kupiga huduma kwa wateja, muziki weee, mwisho akapokea mdada. "Kaka, muamala wako hatuuoni." Namba ya muamala ninayo dada yangu, nikusomee? "Tuma kwa imeili, utajibiwa." Nikamwambia mi nataka tu kujua kule chini ya sakafu kuna nini. Akacheka! Halafu namsikia anamwambia mwenzie, eti elfu tatu tu ndo anasumbua hivi.

Elfu tatu tu! Hivi mnajua kazi ya kumtoa Mbongo kwenye PDF za kutumiwa mpaka aingize namba ya siri alipie kitabu? Mmeshampata, kalipa, mnamcheka. Na PDF ya kitabu hichohicho nikaiulizia kwenye grupu makusudi kwa hasira, dakika haikuisha ikatumwa, imepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, dole gumba la mtu limekaa juu ya mstari. Nikaifuta, haisomeki.

Siku kadhaa baadaye kufuli likafunguka lenyewe, hakuna samahani wala nini, nikakesha nacho. Na sitaki kusema uongo, sehemu ya tatu ilivyotoka nimelipia tena, apu ileile, roho inauma lakini nifanyeje, kitabu kitamu. Hata dukani siku hizi siingii kubahatisha, naonja kwanza sura za bure kwenye simu, zikinishika ndo naenda kununua cha karatasi, kwa hiyo kwa upande huo wamenibadilisha kweli, nyota tatu basi, ila yule mdada hapana.

Mwandishi, kama unapita hapa, weka lipa namba yako tumalizane wenyewe.