Chapa za Kaole Zilizotiwa Rangi kwa Mkono: Ipi Ununue, Ipi Uiache

Seti ina chapa nne, yaani picha zilizochapwa kwa bamba lililochongwa na kupakwa wino, kila moja sentimita 20 kwa 28, na inauzwa kwenye kibanda kimoja cha Mji Mkongwe wa Bagamoyo, upande wa Mtaa wa India. Bila fremu ni shilingi 45,000 moja, yenye fremu 70,000. Mbili ni za Kaole, magofu ya kale karibu na Bagamoyo: msikiti na makaburi yenye nguzo. Mbili ni za mjini: Caravanserai, kituo cha zamani cha misafara, na Ngome Kongwe. Ya makaburi nunua bila wasiwasi. Ya msikiti ichague kwa makini. Hizo mbili za mjini ziache hapohapo.

Tofauti yake imo kwenye bamba, kabla hata brashi haijaloweshwa. Roma ya karne ya 18 ilikuwa na biashara kubwa ya picha za magofu kwa wasafiri, na mafundi wake walikuwa na njia mbili. Giovanni Volpato na Louis Ducros, walioshirikiana miaka ya 1780, walichonga kwenye shaba mistari myepesi ya kuonyesha umbo tu, halafu rangi ya maji ikabeba mwanga, kivuli na anga. Piranesi, mchongaji mashuhuri wa magofu ya Roma aliyefariki 1778, alishonanisha mistari mpaka giza lote likawa ndani ya wino, na picha zake ziliuzwa nyeusi kwa nyeupe. Ukizitia rangi hizo za pili, rangi inagombana na wino.

Ndicho kilichoiharibu Caravanserai. Kuta zake zimejaa mistari inayokatizana, kisha juu yake imepita hudhurungi nzito. Ukisogea hatua mbili nyuma unaona tope. Ngome Kongwe ina ugonjwa uleule.

Bamba la makaburi limechongwa na mtu mwingine kabisa, au mtu yuleyule siku aliyokuwa na subira. Nguzo zina mstari wa nje na nyufa chache tu. Upande unaopigwa na jua umeachwa karatasi tupu, na kivuli kimejengwa kwa tabaka mbili nyembamba za kijivu chenye samawati kidogo. Hiyo ndiyo rangi ya mawe ya matumbawe na chokaa yaliyokaa mvuani karne kadhaa: kijivu, meupe yanapomeguka, meusi penye ukungu. Kwenye chapa ya msikiti mtia rangi amepaka kuta rangi ya chungwa, kama matofali ya Roma wakati wa magharibi. Kaole haina matofali hayo.

Kwa kuwa kila nakala hutiwa rangi peke yake, hazilingani. Usichukue iliyo juu ya rundo. Omba tano uzipange mezani. Kwenye ile ya msikiti umesimama ukielekea kibla, yaani kaskazini, na mistari imechora vivuli vikianguka kushoto, kwa hiyo ni jua la asubuhi. Baadhi ya nakala zimewekwa kivuli cha rangi kulia. Hizo zirudishe. Kisha tazama anga: rangi yake hupakwa mara moja, ubao ukiwa umeinamishwa kidogo, kutoka juu kwenda chini bila kupumzika. Fundi akisimama katikati, ukingo unakauka na kuacha mstari kama alama ya maji kwenye ndoo, na hakuna namna ya kuuficha.

Wino ni wa mafuta, nao ni sahihi, maana maji ya rangi hayauyeyushi. Shida ni haraka. Chapa ikitiwa rangi kabla wino haujakauka, na kwa hewa ya pwani hilo huchukua siku kadhaa, brashi huburuta weusi na kuchafua anga. Angalia pembeni mwa paa na nguzo.

Jihadhari pia na nakala za printa zinazochanganywa humohumo. Kuza kwa kamera ya simu: ukiona vitone vidogo vya rangi vilivyojipanga, hiyo ni ya mashine. Ya bamba ina ukingo uliobonyea kuzunguka picha. Upapase kwa kidole. Karatasi nayo iwe nzito, gramu 250 au zaidi kwa mita ya mraba, kwani nyepesi hujikunja maji yakiigusa.

Fremu ya 25,000 haina faida. Kioo kimelala juu ya karatasi, na unyevu wa baharini ukijikusanya hapo rangi inanata kwenye kioo na madoa ya kahawia yanaota. Tengenezesha kwenu, ukidai nafasi ya milimita 3 au 4 kati ya kioo na picha. Kwa safari, izungushie karatasi laini na uitie kwenye bomba lenye kipenyo cha sentimita 8 au zaidi. Likiwa jembamba, karatasi nzito inavunjika nyuzi.

Oda maalumu zinapokelewa bila nyongeza ya bei. Agiza msikiti wenye kuta za kijivu, na umwachie fundi siku nzima, kwani anga lazima likauke kabla ya kuta kuguswa. Lipa nusu, nusu nyingine ukishaitoa nje na kuitazama juani.