Unga wa Zirkonia Unaong'aa: Chupa Tatu Zilizopimwa Kampala

Duka moja la ng'ambo linalohudumia maabara ndogo za vyuo linauza seti ya chupa tatu za unga wa fuwele za nano (ndogo mno) za zirkonia, yaani oksidi ya zirkoniamu, zilizotiwa madini adimu. Tuliiagiza kwa ajili ya mafunzo ya wanafunzi hapa Kampala. Chupa ya kwanza ina yuropiamu, ya pili terbiamu, na ya tatu erbiamu pamoja na iterbiamu. Zilifika Entebbe zikiwa zimefungwa vizuri, ingawa usafiri na ushuru kwa pamoja vilizidi bei ya unga wenyewe.

Zirkonia inafaa kubeba ioni (atomi zenye chaji) za madini haya kwa sababu mitetemo ya atomi zake ina nishati ndogo, kiasi cha mawimbi 470 kwa sentimita (kipimo cha nishati), ilhali ile ya kioo cha silika hufikia 1,100. Kwa hiyo nishati ambayo ioni imenyonya haigeuki upesi kuwa joto, bali hupata nafasi ya kutoka ikiwa nuru.

Tangazo la duka linadai kwamba unga wa yuropiamu hung'aa kwa wekundu mkali chini ya taa yoyote ya urujuanimno. Dai hilo limetiwa chumvi. Taa ndogo ambazo maduka ya kubadilisha fedha hutumia kukagua noti hutoa nuru yenye urefu wa wimbi wa nanomita 365 hivi, na katika eneo hilo yuropiamu hunyonya kidogo sana, ndiyo maana tuliona wekundu hafifu uliohitaji chumba chenye giza. Chini ya taa ya nanomita 254, au diodi ya 394, unga huohuo uliwaka vizuri mno. Mnunuzi asiye na taa ya namna hiyo atadhani ameuziwa chokaa.

Jambo zito zaidi ni lile ambalo karatasi ya maelezo imelinyamazia. Imetaja usafi wa unga na ukubwa wa fuwele, takribani nanomita 20, na kusema kwamba zote ni za umbo la tetragoni, mojawapo ya mipangilio ya atomi za zirkonia. Haikusema unga ulitengenezwa kwa njia gani wala ulichomwa kwa joto gani. Zirkonia ya kawaida, ikiwa baridi, huwa ya umbo jingine, la monoklini, na tetragoni hutokea juu ya nyuzi 1,170 hivi za Selsiasi. Lakini fuwele zikiwa ndogo sana, au zikitiwa ioni zenye chaji tatu kama yuropiamu, tetragoni huweza kudumu hata katika joto la chumba. Tulipopima kwa eksirei, kilele kikubwa, cha tetragoni, kilikuwa kwenye pembe ya nyuzi 30, kama ilivyotarajiwa, ila palikuwa pia na vilele vidogo vya monoklini kwenye 28 na 31. Spektra ya nuru ilitoa ushahidi uleule: mstari mkuu, wa tetragoni, ulikuwa nanomita 606, na ubavuni mwake pakawa na bega, la monoklini, karibu na 613. Kwa somo la wanafunzi mchanganyiko huo ni neema, maana yuropiamu yenyewe inawaonyesha imekaa mahali pa aina gani. Kwa utafiti, karatasi yenye maelezo yasiyo ya kweli ni hasara.

Unga wa terbiamu unanipendeza kidogo kuliko wote. Una rangi ya manjano iliyofifia, dalili kwamba sehemu ya terbiamu iligeuka kuwa na chaji nne ulipochomwa hewani, na ioni hizo hazitoi ule ukijani wa nanomita 545 unaotafutwa.

Chupa ya tatu ndiyo iliyostahili pesa. Iterbiamu hunyonya nuru ya leza ya nanomita 980, isiyoonekana kwa macho, kisha huipa erbiamu nishati mara mbili mfululizo, na erbiamu hutoa ukijani na wekundu. Kwetu wekundu ulitawala, jambo linaloashiria kwamba haidroksili (vikundi vya oksijeni na hidrojeni vinavyopoteza nishati ya ioni) zimebaki juu ya fuwele. Miwani maalumu ya kuzuia leza ni ya lazima, na duka halikuitaja popote.

Wanafunzi waliuliza kwa nini tuagize mbali ilhali udongo wa Makuutu, mashariki mwa Uganda, una madini adimu. Udongo huo una elementi nyingi zilizochanganyika, na kuzitenganisha ndiyo kazi ngumu. Hata hivyo, mwenye oksidi safi ya yuropiamu, chumvi ya kloridi ya zirkoniamu, asidi, amonia na tanuri anaweza kutengeneza unga wa kwanza mwenyewe: ayeyushe oksidi kwa asidi, achanganye myeyusho, aongeze amonia hadi mashapo meupe yatue, ayaoshe hadi kloridi iishe, ayakaushe na kuyachoma.

Tulipoliuliza duka kuhusu joto la kuchomea, lilijibu kwamba hiyo ni siri ya biashara. Tukachoma upya sehemu ya unga wa yuropiamu kwa nyuzi 800: wekundu uliongezeka waziwazi kwa kuwa haidroksili zilitoka, lakini fuwele zilikua, na bega la 613 likapanda pamoja nao.