Kilimbu au Kinewari: kipi kianze kujifunzwa?

Zote ni lugha za Nepal, tena za ukoo mmoja wa Kitibeti na Kibama (lugha ya Myanmar). Mswahili ningemwanzisha na Kilimbu, cha mashariki mwa nchi na Sikkim, jimbo la India. Kitenzi chake hubeba mtenda na mtendwa, kama "nakuona" yetu, ila kiambishi -nɛ peke yake hutosha kusema "mimi kwako". Kina "sisi" nne: anchi ni mimi na wewe, anchige ni mimi na mwingine, wewe haumo, ani na anige ni za watu zaidi ya wawili. P na ph, yaani p yenye pumzi, ni sauti mbili. Mmvita anayetenganisha paa la nyumba na paa wa porini hatashangaa.

Kinewari cha Kathmandu, ambacho nakipenda zaidi, hujali nani anayejua. "Ji wanā", nilienda, irabu ya mwisho ndefu. "Cha wana", ulienda, irabu fupi. Lakini ukiuliza, "cha wanā lā?", je, ulienda?, ile ndefu hurudi, maana mjuzi sasa ni wewe. Nasi tukisema "alisema alienda", nani alienda? Kinewari hujibu kwa irabu hiyohiyo: wanā ni yuleyule aliyesema, wana ni mwingine.