Uzoefu wangu: rangi ya chupa ya kujazia vidonda na filamu ya kinga kwenye Mazda MX-5 iliyotumika

Gari ni Mazda MX-5 ya kizazi cha nne, namba ya rangi 46V, ile nyekundu inayobadilika jua likiipiga. Ina vidonda vya kokoto (mahali jiwe limebandua rangi) zaidi ya 30: vingi viko ukingo wa mbele wa boneti na kwenye bampa, vingine mbele ya magurudumu ya nyuma, ambako tairi za mbele hurusha changarawe. Nimetumia seti ya chupa nne (praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikisha nyingine; rangi ya chini; nyekundu; na klia, yaani tabaka la juu lisilo na rangi) pamoja na kimiminika cha kufutia rangi iliyozidi, halafu filamu ya kinga ya poliurethani, plastiki angavu inayobandikwa juu ya rangi. Seti naipa nyota nne kati ya tano. Filamu naipa tano, ila kwa sharti nitakalolieleza mbele.

Kwanza rangi yenyewe, maana hapa ndipo wengi hununua vibaya. 46V haiji kwenye chupa moja. Chini kuna tabaka lenye chembe za aluminiamu zinazorudisha mwanga, juu yake nyekundu inayopitisha mwanga, kisha klia. Ukiuziwa chupa moja ya nyekundu kwa namba hii, irudishe, kwa sababu kidonda kitaishia kuwa doa zito lisilong'aa. Kila tabaka la nyekundu linaongeza giza. Paka kwanza kwenye kadi nyeupe: sehemu moja tabaka moja, nyingine mawili, nyingine matatu. Zote zimalizie kwa klia, ndipo ulinganishe na gari, kivulini na juani. Kwenye gari hili yamelingana mawili.

Maandalizi yanachukua muda mrefu kuliko kupaka, na hayana njia ya mkato. Osha, pitisha udongo wa kusafishia rangi, kisha futa kila kidonda kwa spiriti ya isopropili. Nta au silikoni ikibaki, rangi inaikimbia na kuacha vishimo kama macho ya samaki. Bandika tepu juu ya kidonda na uibandue kwa nguvu: rangi iliyolegea pembezoni afadhali itoke sasa kuliko itoke baada ya kazi. Boneti ya gari hili ni aluminiamu, kwa hiyo hutaona kutu nyekundu, lakini usidanganyike. Aluminiamu huota unga mweupe unaotambaa chini ya rangi na kuiinua kama malengelenge. Ukwangue kwa kalamu ya nyuzi za kioo mpaka aluminiamu ing'ae, upake praima siku hiyohiyo. Bampa ni plastiki, kwa hiyo kidonda kilichofika kwenye plastiki tupu kinahitaji praima ya plastiki, ambayo seti hii haina. Praima ya kiwandani ikiwa bado ipo, pita moja kwa moja kwenye rangi.

Nyota moja imepotea kwa sababu ya brashi ya kifunikoni. Ni nene mno. Tumia kijiti cha meno au brashi ya msanii namba 000: weka tone dogo katikati ya kidonda, liache litembee lenyewe hadi ukingoni. Tikisa chupa dakika mbili kamili, maana chembe za aluminiamu hutuama. Subiri dakika 30 kati ya tabaka na tabaka, kivulini, kwenye nyuzi joto 15 hadi 25. Anayejaza kidonda kwa tone moja nene anajiharibia: juu panakauka, kiyeyushi kinabaki kimefungiwa chini, na baada ya wiki chache katikati panabonyea. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, klia inageuka nyeupe kama maziwa. Kile kimiminika cha kufutia kinafaa kwa rangi za kawaida. Kwa hii ya matabaka kinavuta nyekundu na kuacha tabaka la chini wazi, hivyo kiweke kando.

Klia iache ipande kidogo juu ya usawa, ikae wiki nzima. Halafu msasa wa maji namba 2000, kisha 3000, ukiwa umebandikwa kwenye kipande cha kifutio. Ukiushika kwa kidole tupu, kidole kinachimba. Klia ya kiwandani mara nyingi ni mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) 40 hadi 50 tu, na ndiyo inayozuia jua kuila rangi, kwa hiyo acha mara tu tone linapolingana na pembeni, kisha polishi. Vidonda vilivyo chini ya milimita moja sivigusi kwa msasa kabisa.

Sasa filamu. Unene wake ni takriban mikroni 200, na hiyo ndiyo sababu inameza pigo la kokoto. Kinga ya seramiki, ile ya kimiminika kinachopakwa juu ya rangi, ina mikroni chache tu, inasaidia kuosha, haizuii jiwe. Sharti langu ni hili: pima unene wa rangi kabla ya kubandika. Rangi ya kiwandani huwa karibu mikroni 100 hadi 150. Ukisoma zaidi ya 250, paneli ilipakwa upya au ina puti (kijazio cha mabonde ya bodi), na filamu ikibanduliwa inaweza kuondoka na rangi isiyoshika vizuri. Kipimo kiwe kinachosoma aluminiamu; cha sumaku pekee hakitasoma chochote kwenye boneti hii.

Paneli iliyopakwa upya isubiri siku 30 au zaidi ili kiyeyushi kitoke. Vidonda vyote vijazwe kwanza, kwani kisichojazwa kinashika hewa chini ya filamu na kubaki nukta nyeupe. Bandika kwa maji yenye matone machache ya shampuu ya watoto, sukuma kutoka katikati kwa kikwangulio cha mpira. Kwenye kingo nyunyizia maji yenye isopropili kama asilimia 10 ili gundi ishike. Usiivute sana kwenye kona, itarudi na kuinuka. Ukungu wa maji huisha wenyewe ndani ya wiki moja au mbili. Povu la hewa haliishi. Mashine ya maji ya presha iwe mbali angalau sentimita 30, na usiielekeze kwenye ukingo wa filamu.

Kidonda kinachozidi milimita nne, au vilivyosongamana hadi kuungana, seti hii haivifai. Hapo ni fundi rangi na paneli nzima.