Matufe ya Katwe: tathmini ya kocha wa warushaji wa chuo kikuu

Vyuo vikuu vingi vya Uganda nilivyofika na wanamichezo wangu vina tufe, yaani mpira wa chuma wa kurusha, moja la wanaume na moja la wanawake, na mara nyingine hilo la wanawake limeazimwa kutoka shule ya sekondari ya jirani. Kocha mwenye warushaji wanane na tufe moja hafundishi, anasimamia foleni. Mmoja akirusha, saba wanasimama na misuli inapoa, na kwa kuwa mazoezi yetu hufanyika alfajiri, kabla ya vipindi vya saa mbili asubuhi, kila mwanafunzi huondoka uwanjani akiwa amerusha mara chache mno. Ufundi wa kurusha haukai kichwani. Hukaa mwilini, na mwili haujifunzi ila kwa kurudia. Ndiyo sababu naandika tathmini hii ya matufe yanayotengenezwa katika karakana moja ya Katwe, hapa Kampala, ambayo nimeyatumia na wanafunzi wangu kwa msimu mzima. Niseme mapema msimamo wangu: kwa mazoezi ya tufe, kocha wa chuo mwenye fungu dogo la fedha aende Katwe bila kusita; kwa kisahani cha kurusha, asiende.

Nchi yetu inajulikana duniani kwa mbio. John Akii-Bua alitwaa dhahabu ya mita 400 kuruka viunzi mjini Munich mwaka 1972 kwa sekunde 47.82, na miaka ya karibuni Joshua Cheptegei na Peruth Chemutai wametuletea dhahabu za Olimpiki. Mkimbiaji kijana anaweza kuanza na barabara ya vumbi ya kijijini kwao, lakini mrushaji haanzi bila chombo. Julius Yego wa nchi jirani ya Kenya alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama video kwenye intaneti, akawa bingwa wa dunia mjini Beijing mwaka 2015 kwa mita 92.72, na wanafunzi wangu wote wanakijua kisa hicho. Video hizo nao wanazo kwenye simu zao. Walichokosa ni chuma cha kushika baada ya kuzitazama.

Katwe iko kusini mwa katikati ya jiji, kando ya barabara ya kwenda Entebbe, na mtu yeyote aliyewahi kuhitaji geti, mashine ya kusaga mahindi au sufuria kubwa ya harusi anaijua. Karakana ninayoizungumzia ina mashine moja ya kukereza, yaani ya kuzungusha chuma na kukichonga, grenda kadhaa, na rundo la chuma chakavu mlangoni. Fundi mkuu aliwahi kufanya kazi katika karakana ya jeshi, na huko ndiko alikojifunza Kiswahili, kwa hiyo maelewano yetu hayakuwa na taabu. Hakuwahi kuona tufe la mashindano. Nilimpelekea moja alipime, akalizungusha kiganjani, akaligonga kwa bisibisi kusikiliza mlio wake, kisha akasema: “Afande, uzito nitakupa leo. Kuwa mviringo kamili, hapo unipe muda.” Maneno hayo yalikuwa ya kweli kabisa, na kila atakayeagiza tufe Katwe ayaweke moyoni.

Kuna njia mbili za kulitengeneza. Ya kwanza ni kusubu, yaani kuyeyusha chuma na kukimimina katika kalibu ya udongo. Ya pili ni kuchukua kipande cha shafti (mhimili wa chuma) nene ya mashine kuukuu na kukikereza hadi kiwe mviringo. Mimi napendekeza ya pili kwa nguvu zote. Tufe la kusubu huweza kubaki na mapovu ya hewa ndani, na fundi hulazimika kuliongeza ukubwa ili kufidia uzito uliopotea. Tena hubaki na mshono pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Tufe la shafti ni chuma kitupu toka ngozi hadi kiini. Hesabu yake ni rahisi na haina siri: tufe la wanawake la kilo 4, likiwa la chuma cha pua bila uwazi wowote, hutoka na kipenyo cha milimita 99 hivi, na kanuni zinaruhusu kati ya 95 na 110. La wanaume la kilo 7.26 hutoka na milimita 121 hivi, na kanuni zinaruhusu kati ya 110 na 130. Kwa hiyo tufe la Katwe likikerezwa vizuri linaingia ndani ya kanuni bila kulazimishwa. Asikubali mtu kutengenezewa la alumini, ingawa alumini ndiyo inayosubiwa kwa wingi pale kwa ajili ya masufuria. Tufe la alumini la kilo 4 lingekuwa na kipenyo cha zaidi ya milimita 140, mkono wa msichana hauwezi kulimudu, na kanuni zinakataa metali iliyo laini kuliko shaba nyeupe.

Ubora wa kazi yao nimeupima kwa vitu vitatu: mizani, kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo) na sakafu. Mizani nakwenda nayo mwenyewe, iliyokaguliwa na shirika letu la viwango, UNBS, maana ile ya karakana ni ya kupimia chuma chakavu na haijali gramu. Kalipa huzungushwa pande nyingi za tufe, na tofauti ya kipenyo kati ya upande na upande ndiyo inayoonyesha uhodari wa fundi. Katika matufe ya kwanza tofauti hiyo ilionekana hata kwa macho. Katika yaliyofuata, baada ya fundi kujichongea kipande cha bati chenye nusu duara cha kupimia, ilipungua mno. Sakafu ndiyo kipimo ninachokipenda zaidi. Weka tufe juu ya saruji iliyonyooka, lisukume polepole, uliache lisimame. Rudia. Likisimama kila mara upande uleule ukiwa chini, uzito wake umeegemea upande mmoja, na mrushaji atausikia mkononi hata kama hajui kuueleza.

Sehemu moja niliyolazimika kuisimamia kwa ukali ni kinundu. Tufe linapokerezwa hushikwa na kibano cha mashine, na mwishoni hubaki kijishina pale liliposhikwa. Fundi hukikata, hukisaga kwa grenda na kupapitishia msasa, lakini asipokuwa mwangalifu hubaki bapa dogo lenye ukingo mkali. Kwa mtu wa kawaida bapa hilo si kitu. Mrushaji, kinyume chake, hulibana tufe shingoni, chini ya taya, na kuligeuza na mwili wake wote kabla ya kuliachia, na ukingo huo humkwaruza palepale. Nilimwona mwanafunzi wangu akianza kulishikilia tufe mbali na shingo kwa sentimita chache, kiwiko kikaanguka, na mrusho ukageuka kuwa wa kutupa kama jiwe. Kosa lilionekana la ufundi, na nilikuwa nimekwisha kuanza kulisahihisha kwa maneno, hadi nilipopitisha kidole juu ya chuma. Tufe lilirudishwa Katwe, likasuguliwa upya bila malipo, na kiwiko cha kijana kikapanda chenyewe. Kocha yeyote apitishe ncha za vidole juu ya tufe zima kabla ya kulipia.

Faida iliyonifurahisha zaidi haiko kwenye bei, ingawa kwa fedha za tufe moja lililoagizwa kutoka nje nilipata zaidi ya mawili ya Katwe. Iko kwenye uwezo wa kuagiza uzito wowote. Anatoliy Bondarchuk, bingwa wa Olimpiki wa kurusha nyundo mwaka 1972 na kocha wa Yuriy Sedykh, ambaye rekodi yake ya dunia ya mita 86.74 ya mwaka 1986 haijavunjwa, alijenga mafunzo yake juu ya kurusha vyombo vizito kidogo na vyepesi kidogo kuliko vya mashindano. Wazo lenyewe linaeleweka kwa urahisi: umbali hutegemea zaidi kasi ya chombo kinapoachiwa kuliko urefu wa mrushaji au pembe ya mkono wake, na chombo chepesi huufundisha mwili kasi, ilhali kizito huufundisha nguvu ndani ya mwendo uleule. Kwa wasichana sasa nina matufe ya kilo 3, 4 na 5, na kwa wavulana kilo 6, 7.26 na 8. Sivuki hapo, kwa sababu chombo kikizidi mno uzito, mwanafunzi hubadilisha mwendo ili aweze kukiondoa mkononi, na anajifunza mwendo ambao hatautumia siku ya mashindano.

Tufe la kilo 3 ndilo lililonilipa kuliko yote. Warushaji wetu wengi hufika chuoni bila kufundishwa. Walichaguliwa sekondari kwa sababu ya ukubwa wa mwili, wakapewa tufe na kuambiwa warushe. Msichana wa namna hiyo hurusha kwa bega na mkono pekee, miguu imesimama kama ya mtazamaji. Ukimpa kilo 4 na kumtaka aanze na mguu wa nyuma, nyonga itangulie, upande wa kushoto ukaze, mkono uwe wa mwisho, uzito unamtisha na anarudia zoea lake. Ukimpa kilo 3 kwa majuma kadhaa, hofu inapungua na miguu inaanza kuingia kazini. Ninaye wa mwaka wa pili ambaye kwa kilo 4 alikuwa akimaliza mrusho ametazama chini. Kwa kilo 3 alianza kuinua kidevu, na aliporudishiwa kilo 4 kidevu kilibaki juu. Sisemi chuma cha Katwe kilimfundisha; nasema kilinipa nafasi ya kumfundisha.

Kasoro zipo, na nyingine ni nzito. Ahadi za siku ya kukabidhi haziaminiki, hasa mvua kubwa zinapofurika Katwe au umeme unapokatika. Wanapenda kupaka tufe rangi ya mng'ao, ambayo ikikutana na jasho huteleza. Kataa rangi, chukua chuma kitupu, kifute kwa mafuta kidogo baada ya mazoezi na kwa kitambaa kikavu kabla ya kurusha, la sivyo kutu itakiingia msimu wa mvua. Tufe moja la wanaume lilikuja likiwa kilo 7.19. Fundi alitaka kulitoboa hadi karibu na kiini na kulijaza metali ya risasi iliyoyeyushwa, njia ambayo kanuni haziikatazi, lakini moshi wa risasi ni sumu na vijana wake hufanya kazi bila vifaa vya kujikinga, kwa hiyo nilikataa na tufe hilo likabaki la mazoezi. Tangu hapo naagiza kilo 7.4, tunapima, tunasaga, tunapima tena. Kuondoa chuma ni kazi ya dakika chache. Kukiongeza hakufanyiki vizuri.

Kisahani walichonitengenezea sitakitumia tena. Kilikuwa cha mbao ya mvule na ukingo wa chuma, kizuri kwa macho, na uzito wake ulikuwa sahihi. Lakini kisahani huruka kwa namna uzito wake ulivyogawanyika: ukingo ukiwa mzito huzunguka imara na kukaa hewani, na ukingo usio sawa pande zote hukifanya kiyumbe mara tu kinapotoka kidoleni. Hiki kiliyumba tangu mrusho wa kwanza. Baadaye, kilipoanguka kwenye udongo mgumu wa murram, ukingo uliachana na mbao na kuacha ncha wazi iliyoweza kumkata mwanafunzi vidole. Kwa kisahani, nunua cha kiwandani. Kwa wanaoanza tumia cha mpira, ambacho kinavumilia ardhi yetu. Mkuki sikuujaribu kabisa kwao wala sitajaribu, kwa kuwa mahali kitovu cha uzito kilipo ndipo penye usalama wa chombo kile, na hakuna anayeweza kukipata kwa kukisia.

Kwa mashindano pia tofautisha. Waamuzi hupima vyombo kabla ya kuanza, na matufe mawili ya Katwe ya kilo 4 yalipita kwenye mizani yao bila swali. Hata hivyo, chuo kiwe na angalau tufe moja la wanaume na moja la wanawake lenye cheti cha Shirikisho la Riadha la Dunia, wanafunzi walizoee katika majuma ya mwisho ya maandalizi, na yale ya Katwe yabebe mzigo wa kila siku.

Anayekwenda kuagiza aende asubuhi, siku za katikati ya juma, na asilipe zaidi ya nusu kabla ya kuona chuma kwenye mashine. Aandike uzito na kipenyo kwenye karatasi na kumwachia fundi, si kumtajia kwa mdomo. Mimi nitarudi Julai, kabla wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawajaingia, kuchukua matufe mengine mawili ya kilo 3.